Mashine Kumi na Mbili za Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana

Nchi ninayoisimulia ipo, ila jina lake sitalitaja, kwa sababu kibao chenye jina hilo pale mpakani kiliondolewa kwenda kupakwa rangi na mpaka leo hakijarudi. Watu wake ni wema, mvua inanyesha inapotaka, na Serikali yake ina wizara moja ambayo majirani wanaionea wivu: Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana. Mimi, Mwinyimvua, nimekuwa mwandishi wa mihtasari wa Wizara hiyo kwa miaka kumi na tisa. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho yangu, na kwetu kitu kisichoonekana kwa macho hakizungumzwi hata kwenye chai ya saa nne.

Sheria yetu ni fupi. Kila mali ya Serikali lazima iwe na vitu vitano: namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, mahali pake maalumu, kiti, mlinzi, na picha ya Mheshimiwa Rais. Ng'ombe wa Serikali wana namba. Mti wa bustani ya Ikulu una namba na mlinzi, na kiti chake kipo pale chini, ingawa mti wenyewe haujawahi kukaa. Kisima cha Kwamtumbuka hakina maji lakini kina vyote vitano, kwa hiyo kimo kwenye orodha ya visima vinavyofanya kazi. Cha Mlengeni kina maji matamu ila hakina kiti, kwa hiyo hakimo. Wanaokunywa maji ya Mlengeni wameshaonywa.

*

Mwaka mmoja Waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Fulgensi Matambo, alisimama kwenye mkutano wa hadhara akatangaza kwamba Serikali italeta mashine kumi na mbili za kompyuta, moja kwa kila idara: ya vizazi, ya ardhi, ya maji, ya dawa za hospitali, ya mitihani, ya malalamiko ya wananchi, na nyingine sita ambazo hata sisi wenyewe hatukuwa na uhakika zinafanya nini. Mheshimiwa ana kawaida ya kuhesabu kwa vidole anapohutubia. Vidole vilipomwishia kwenye kumi, msaidizi wake alimwazima viwili. Watu wakapiga makofi.

Lori likaja na mashine moja.

Aliyeiagiza ni fundi wetu wa kompyuta, Siwatu Mshindo, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mwembamba, mchache wa maneno, anayekunywa chai kwenye kikombe chake mwenyewe cha bati. Alikuwa ameandika barua ya kurasa tatu kueleza kwamba hakuna haja ya mashine kumi na mbili. Barua ilipita kwa wakubwa tisa, kila mmoja akagonga muhuri, hakuna aliyeisoma. Mihuri ikawa mingi mpaka maneno yakafunikwa, na barua ambayo maneno yake yamefunikwa na mihuri kwetu huhesabiwa kuwa imekubaliwa.

"Kwa nini moja?" nilimwuliza siku ile ya lori.

"Kaka Mwinyimvua, chukua nyumba moja ya vyumba kumi na viwili," alisema. "Kila chumba kina mpangaji na ufunguo wake. Huyu hajui yule anapika nini. Lakini paa ni moja, ukumbi ni mmoja na kisima cha uani ni kimoja. Hii seva ndiyo nyumba. Nitaweka programu ya kugawa vyumba, halafu ndani ya kila chumba nitaweka mashine isiyo na mwili. Wenyewe wanaiita mashine pepe. Inafanya kazi zote, na inajiona iko peke yake duniani."

"Na wewe humo ni nani?"

"Mimi ni mama mwenye nyumba. Kazi yangu ni kugawa maji wasigombane."

Nilielewa mara moja. Kosa langu ni kwamba sikuyaandika maneno yale, kwa kuwa hakikuwa kikao.

*

Kusimika programu kungechukua siku moja. Kulichukua miezi minne, na Wizara ilijipongeza, kwa kuwa choo cha wageni kilichukua miaka saba.

Programu ile, kabla ya kuingia, humwuliza mtu kama anakubali masharti yake. Siwatu alikuwa ameshanyoosha kidole abonyeze, Katibu Mkuu, Bwana Shaweji, akamshika mkono.

"Serikali haikubali masharti ya mtu bila kuyasoma," alisema.

Masharti yakachapishwa, kurasa sitini na nne, yakapelekwa kwa wanasheria. Wiki tano baadaye wanasheria wakaleta mapendekezo kumi na manne ya marekebisho. Barua ya kuyawasilisha ikabandikwa kwenye skrini kwa gundi, mashine ipate kuisoma na kujibu. Mashine haikujibu. Ilipofika siku ya thelathini, kwa mujibu wa kanuni, kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa kukubali, na Siwatu akaruhusiwa kubonyeza baada ya kuibandua barua kwa maji ya moto.

Ikaja zamu ya neno la siri la msimamizi. Programu ilitaka lisipungue herufi kumi na mbili, liwe na tarakimu na alama. Ikaundwa Kamati ya Neno la Siri, wajumbe saba, ikakaa siku tatu kwenye hoteli ya kando ya ziwa, ikarudi na neno lenyewe: jina kamili la Mheshimiwa Waziri pamoja na shahada zake na mwaka aliozaliwa. Mimi niliandika muhtasari kwa uaminifu, neno la siri likiwa katika aya ya sita. Muhtasari ukasambazwa kwa watu arobaini na wawili, na nakala moja ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, asije mtu akasema hakushirikishwa. Siku hiyohiyo Siwatu alilibadilisha kimyakimya. Nilijua kwa sababu dereva mmoja wa Wizara alilijaribu lile la ubaoni, akitaka kuona matokeo ya mitihani ya binti yake, likamkataa, akaja kunilalamikia mimi.

Mwisho mashine ikaandika kwenye skrini kwamba izimwe, kisha iwashwe tena. Kuzima mali ya Serikali kunataka saini tatu, na mmoja wa watia saini alikuwa amestaafu. Akafuatwa kijijini kwake kwa gari. Alikuja na magodoro yake yote, akidhani amerudishwa kazini.

*

Nasikitika kusema kwamba ilifanya kazi.

Bibi mmoja alikuja kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Kama mwananchi yeyote mwenye busara alikuwa amebeba mkeka na chakula cha siku tatu. Akapewa cheti kabla hajamaliza kuutandika mkeka. Akaanza kulia, akidhani anafukuzwa, ikabidi aitwe mtu wa kumweleza kwamba ameshahudumiwa. Aliondoka akigeuka nyuma kila hatua, na wali wake haujaguswa.

Kutoka Hospitali ya Mkoa akapiga simu Sista Dafroza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto. Alisema sasa akifungua kompyuta yake anaona mtoto gani amepewa dawa gani, kiasi gani, na zimebaki chupa ngapi ghalani.

"Mwambieni huyo fundi wenu," alisema, "wiki hii sijakisia dawa hata mara moja."

Wizara haikuwa na jalada la shukrani, kwa hiyo nilimweka Sista Dafroza kwenye jalada la Mengineyo.

Siwatu alikuwa akifika asubuhi, anaweka kikombe chake, anazipitia zote kumi na mbili moja baada ya nyingine. Inayolemewa anaiongezea nafasi, inayosinzia anaipunguzia. Kila Alhamisi alizipiga zote nakala, ili moja ikianguka aisimamishe vilevile ilivyokuwa. Nilikuwa napenda kumtazama akifanya kazi. Katika Wizara yetu ni jambo la nadra.

*

Mwezi wa sita ndio mwezi wa kupaka namba. Mtunza stoo wetu, Mzee Mkumba, alikuja na kopo la rangi nyeupe, brashi mbili na orodha iliyosema: mashine, kumi na mbili. Kanuni inasema uhesabu kabla ya kupaka. Akahesabu moja. Akatazama nyuma ya mlango. Akainama akatazama chini ya meza. Kisha akafunika kopo lake, akarudi ofisini, akaandika kama alivyoandika maisha yake yote, bila kumwonea mtu wala kumpendelea: zilizopo, moja, zilizopotea, kumi na moja.

Kikao cha dharura kilifanyika palepale kwenye chumba cha mashine. Mheshimiwa Waziri alikuwa anatoka jasho. Mwisho wa mwezi ulikuwa uzinduzi, na kanga za sherehe zilikuwa zimeshachapishwa, kila moja na mashine kumi na mbili pindoni.

"Siwatu," alisema Katibu Mkuu, "mashine ziko wapi?"

"Zimo humu, Bwana Katibu Mkuu. Zote."

"Humu wapi?"

"Ndani."

"Fungua," alisema Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, nikifungua itabidi nizime, na hospitali wako kazini..."

"Nimesema fungua!"

Mzee Mkumba akaleta bisibisi. Ndani mlikuwa na vibao vya kijani, feni nne zilizosimama, na mjusi aliyekuwa amejilalia kwenye joto lake. Mheshimiwa aliingiza kichwa akimulika kwa tochi, saa tano ya asubuhi, akatoka na vumbi puani.

"Andika," aliniambia. "Ndani kuna mjusi mmoja. Mashine, hakuna."

Siwatu akafunga, akawasha, akamwonyesha kwenye skrini majina kumi na mawili yamepangwa, kila moja na alama yake ya kijani.

"Haya ni majina tu," alisema Mheshimiwa. "Kuandika majina nani hawezi? Kwenye orodha yetu ya watumishi yamo majina mia mbili ambayo wenyewe hawajawahi..."

Katibu Mkuu akakohoa sana. Mheshimiwa akaiachia sentensi hapohapo, nami sikuiandika.

"Basi niizime moja uone, Mheshimiwa," alisema Siwatu.

Akabonyeza. Mashine ya Idara ya Maji ikazimika, na haikupita dakika simu ikalia: Idara ya Maji, wakiuliza kulikoni. Siwatu akaiwasha tena, simu ikalia tena, wakishukuru.

"Umeona, Mheshimiwa?"

"Nimeona," alisema Mheshimiwa, akirudi nyuma hatua mbili. "Umeiharibu Idara ya Maji na kuitengeneza ukiwa umekaa kwenye kiti, kwa kidole kimoja. Mtu wa namna hiyo atashindwaje kuiba mashine kumi na moja?"

Sheria ya Vinavyoonekana inampa mtuhumiwa siku kumi na nne kurudisha mali. Asipoirudisha ni miaka kumi gerezani, na rufaa husikilizwa akishatoka. Siwatu alipelekwa mahabusu siku ileile, akiwa bado ameshika kikombe chake.

*

Siku ya pili mashine ya dawa za hospitali ilijaa, ikasimama. Sista Dafroza akapiga simu mara sita kabla ya adhuhuri. Pale Wizarani hakuna aliyejua kuihudumia. Katibu Mkuu alijaribu kwa kuipuliza vumbi, Mheshimiwa akajaribu kwa kuikemea.

Ikaamuliwa, na uamuzi huo niliuandika mwenyewe, kwamba mtuhumiwa awe analetwa kila asubuhi saa mbili akiwa na pingu, azihudumie mashine alizoziiba, arudishwe mahabusu saa tisa. Koplo Tegemea, mlinzi wetu wa geti, alipewa ufunguo wa pingu. Alimfungua mkono wa kulia tu, kwa sababu barua ilisema afunguliwe mkono, haikusema mikono. Mimi nikapewa kazi ya kukaa kando yake na kuandika kila anachobonyeza.

Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Aliipanulia mashine ya dawa nafasi yake kwa mkono mmoja, ikaamka, simu za hospitali zikanyamaza. Nilidhani amezoea, mpaka siku ya sita.

"Kaka Mwinyimvua," alisema bila kunitazama, "mama yangu ana miaka sabini na sita. Hawa hawatanifunga mimi miaka kumi, watamfunga yeye. Nikitoka nitamkuta wapi?"

Nilitaka kumjibu. Nina ulimi, na ninajua ukweli wa nyumba yenye vyumba kumi na viwili, tangu siku ya lori. Nikainamisha kichwa nikaandika: mtuhumiwa amebonyeza kitufe cha kuthibitisha. Niliona aibu, na aibu ile nilikwenda nayo mpaka nyumbani, mke wangu akaniuliza kama naumwa tumbo.

Aliyekuwa na hali mbaya kuliko mimi ni Mzee Mkumba. Tangu aandike hesabu yake chakula kilikuwa hakimpiti. Alikuwa amehesabu sawasawa, halafu mtu anakwenda kufungwa, na katika miaka yake yote ya stoo hakuwahi kuona mambo hayo mawili pamoja. Siku ya kumi na mbili alikwenda kwa fundi bati wa nyuma ya soko, yule anayetengeneza majiko ya mkaa na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Akarudi na mkokoteni.

Juu ya mkokoteni palikuwa na masanduku ya bati kumi na mawili. Si kumi na moja, maana mashine ya Siwatu ingeharibu mstari: ilikuwa ndogo, nyeusi, na inavuma. Haya yalikuwa makubwa, ya bluu, yamenyooka, kila moja na taa ya kijani iliyochorwa kwa brashi, taa isiyozimika hata umeme ukikatika. Ndani hamkuwa na kitu. Mzee Mkumba alipaka namba moja mpaka kumi na mbili, kisha akaja kwa Siwatu na karatasi.

"Shikamoo, mzee," alisema Siwatu.

"Marahaba, mwanangu. Tia sahihi hapa. Inasema umezirudisha."

Siwatu akasoma. "Mzee wangu, nikitia sahihi nimekubali kwamba niliiba."

"Ndiyo."

"Sikuiba."

"Najua. Mimi ndiye niliyekosea kuhesabu sawasawa." Akakaa sakafuni, mzee wa watu, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa cha mashine. "Usipotia sahihi wewe ni mkweli, na utalala gerezani. Ukitia sahihi wewe ni mwizi, na utalala kwa mama yako. Kubali yaishe, mwanangu."

Koplo Tegemea akageukia ukutani. Siwatu alishika kalamu kwa muda mrefu. Alipotia sahihi aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na chozi lilidondoka kwenye neno "nimerudisha", ikabidi tukaushe karatasi dirishani.

Akasamehewa kwa kuwa ametubu. Barua ya msamaha ilikuwa kwenye bahasha moja na barua ya kumfukuza kazi. Zote mbili zilianza kwa kumpongeza.

*

Uzinduzi ulifana sana. Ili kupata vyumba kumi na viwili Wizara ilihamishia watumishi wake kwenye veranda, na kila sanduku likapata chumba, kiti, mlinzi na picha. Mheshimiwa Rais alipata udhuru, alikuwa anazindua upya daraja alilolizindua mwaka juzi, kwa hiyo aliyehutubia ni Mheshimiwa Waziri.

"Ndugu wananchi! Walikuwepo waliosema mashine zetu hazionekani. Je, leo zinaonekana au hazionekani?"

"Zinaonekana!"

"Zinapiga kelele?"

"Hazipigi!"

"Zinatoa joto? Zinakula umeme? Zimewahi kusimama tangu mfike hapa?"

"Hazijawahi!"

"Basi huo ndio utaalamu! Zile za wenzetu, kila siku zinaharibika, kwa nini? Kwa sababu zinafanya kazi ovyoovyo bila utaratibu!"

Kikundi cha ngoma kikaingia. Mheshimiwa alihesabu masanduku kwa vidole, na safari hii aliazimwa viwili na Katibu Mkuu mwenyewe, kwa heshima ya siku.

Ikabaki ile mashine nyeusi. Haikuwa na namba, kwa kuwa namba zote kumi na mbili zilikuwa zimekwisha, na ilikuwa inavuma kwenye pembe ya chumba alichopewa sanduku namba nane. Kitu kisicho na namba kinachokutwa katika jengo la Serikali hupondwa siku ya Ijumaa. Ijumaa ikaja, likaletwa shindilia, lile gari zito la kusawazishia barabara, dereva akalipitisha juu yake mara mbili mbele ya uongozi. Mjusi alikuwa ameshahama tangu asubuhi.

Siku tatu nchi haikupata cheti, wala namba ya kiwanja, wala orodha ya dawa. Sista Dafroza akarudia kukisia, akawa anatoka wodini macho mekundu. Wananchi wakarudia kubeba mikeka. Wizarani hatukusikia lolote, kwa kuwa malalamiko yote yalikuwa yanapokelewa na mashine ya malalamiko, nayo ilikuwa imepondwa. Katibu Mkuu akaandika taarifa kwamba malalamiko yameshuka mpaka sifuri kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Mheshimiwa akapewa nishani, yenye namba.

Siku ya nne Sista Dafroza alifungua kompyuta yake, akakuta kila kitu mahali pake: kila mtoto, kila chupa. Idara ya Vizazi nao wakakuta vyao, na ya Maji, na ya Mitihani. Kila kitu kilirudi, isipokuwa malalamiko. Mheshimiwa alipoulizwa imekuwaje alisema masanduku yalikuwa yanajifunza kazi, sasa yamepata uzoefu. Akaamuru yafutwe vumbi mara mbili kwa siku badala ya mara moja.

Huo ndio ukweli ulioandikwa. Lakini siku hizi ukipita nyuma ya soko utamkuta mama mmoja wa miaka sabini na sita anauza maandazi mbele ya karakana ya fundi bati. Na nyuma yake, kati ya majiko na masanduku ya bweni, ukitega sikio kuna feni ndogo inazunguka. Nilimwuliza mwenye feni kwa nini ile ya malalamiko hakuiwasha. Akaniambia aliona aipumzishe, maana katika zote kumi na mbili ndiyo pekee ambayo haikuwahi kufunguliwa na mtu.

*

Kuna jambo moja nililiruka.

Siku moja kabla ya shindilia, yaani Alhamisi, Siwatu alikuja kuchukua vitu vyake: kikombe, kanga moja na ndala. Barua ilimpa mpaka saa sita mchana. Mimi nilitakiwa kukaa naye na kuandika kila anachobonyeza, kama kawaida.

"Kaka Mwinyimvua," alisema, "leo ni Alhamisi. Nizipige nakala?"

Alitoa kifaa cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, akakichomeka kwa waya. Kwenye skrini ukatokea mstari mdogo, ukaanza kutambaa. Tulikaa saa mbili tukiutazama, kalamu yangu ikiwa na kifuniko chake. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa, maana safari hii kama angekamatwa asingekuwa amesingiziwa, na mimi nilikuwa nimekaa palepale. Mstari ulipofika mwisho akachomoa kile kifaa, akakitia ndani ya kikombe cha bati, akakifunika kwa kanga. Nikamsindikiza mpaka getini.

Koplo Tegemea alisimama njiani. Amri ilikuwa kumpekua kila atokaye, na huyu zaidi. Akafunua kanga, akainua kile kifaa kwa vidole viwili.

"Hiki nini, dada Siwatu?"

Moyoni nilimwomba Mungu amtie Siwatu uongo mdomoni. Aseme ni redio. Aseme ni betri ya simu. Lakini uongo pekee aliowahi kuutia sahihi tulimwandikia sisi.

"Ni mashine kumi na mbili za Wizara," alisema. "Zote."

Koplo akakipima kiganjani. Akakigeuza huku na huku akitafuta namba nyeupe, hakuiona. Akatazama kule kwenye veranda, milango kumi na miwili iko wazi, masanduku ya bluu yamekaa, walinzi wamesimama, picha zimetundikwa. Akahesabu kwa kidole, polepole, mpaka mwisho. Kisha akakirudisha kile kifaa ndani ya kikombe na kukifunika vizuri, kwa huruma ya mtu anayemfunika mgonjwa.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "maneno hayo ndiyo yaliyokutia ndani. Nenda nyumbani kwa mama. Mtu akikuuliza tena, sema hujabeba kitu."

Akafungua geti. Siwatu akapita na kikombe chake mkononi, bila haraka. Mimi nikarudi ofisini kwangu, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile, nikaukuta mweupe, nikauacha hivyohivyo. Hakikuwa kikao.